Siku Tuliyoisamehe Pampu

Nchi ya Mwinuko hutaiona kwenye ramani ya darasa la saba. Nasema hivyo kwa sababu darasa la saba ndipo nilipoishia, na ile ramani niliitazama sana, maana dawati langu lilikuwa chini yake. Huenda imo kwenye ramani za waliosoma zaidi. Wewe unayesoma ukidhani umewahi kuiona mahali, hayo ni macho yako, usinihusishe.

Mwinuko ni nchi ya mlima mmoja na barabara moja. Chini, mahali paitwapo Bondeni, tunakaa sisi. Juu iko serikali, na mahakama, na hospitali. Walioipanga nchi walisema mwananchi akipanda mlima kufuata hospitali atapata mazoezi, akipata mazoezi atakuwa na afya, na akiwa na afya hatahitaji hospitali. Ni hesabu nzuri, ila hawakumweleza mgonjwa.

Ili tupande kwa hadhi, serikali ikatuundia gari la taifa, likaitwa Heshima. Ni gari zuri, sitalisingizia. Lina viti vya sponji, lina pazia dirishani, na honi yake inapiga ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Lina kasoro moja tu. Likianza kupanda mlima linakohoa, linatetemeka, kisha linanyamaza. Kwenye tambarare linakwenda bila wasiwasi, lakini nchi nzima tambarare ni uwanja wa gwaride na vichochoro vyetu vya huku chini.

Mwanzoni serikali ilieleza kwamba gari halizimiki, linasita. Msemaji wa Wizara alikuja redioni akasema, "Ndugu wananchi, Heshima ni gari lenye malezi. Linapoikaribia Ikulu, linasita kwa adabu. Je, wewe mwananchi, unasita?" Tukajichunguza, tukaona kweli, hatusiti vya kutosha. Tangu siku hiyo gari likimzimikia mtu mlimani, alishuka akavua kofia, akasimama pembeni mpaka injini ipoe. Ungepita ungedhani barabara nzima ina msiba.

Langu aliniachia marehemu mume wangu, Shaweji, Mungu amrehemu. Alinifundisha kuliendesha kwa subira ambayo kwenye mambo mengine hakuwa nayo. Mtaani kwetu ndilo gari pekee, kwa hiyo halikuwa langu sana. Lilibeba maharusi, lilibeba maiti, lilibeba masufuria ya shughuli, na mara nyingine vyote hivyo kwa siku moja, nami nilikuwa nikilifuta viti katikati.

Kilichobadili mambo ni mama mkwe wa Waziri. Waziri, kwa uzalendo, alimzawadia gari la Heshima, yeye mwenyewe akibaki na lile jeusi la kutoka nje. Mama wa watu akapanda nalo mpaka karibu na kilele, likakohoa, likanyamaza, likaanza kurudi nyuma. Likarudi likapita kituo cha polisi, polisi wakapiga saluti. Likapita shule, watoto wakaimba. Likaja kusimama soko la nyanya, ndani kabisa. Alitoka mzima, nyanya mpaka kwenye miwani, akasema neno moja kuhusu mkwewe ambalo redio haikulirudia.

Kesho yake likatoka tangazo. Imegundulika, likasema, kwamba pampu ya mafuta ya gari la Heshima, ile inayoyanyonya mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma mbele kwenye injini, ina upungufu wa moyo wa kujituma. Wenye magari wote wanaitwa kuyarejesha. Pampu mpya zimewasili.

*

"Umesikia?" Kidawa aliniuliza kupitia ukuta.

Kidawa ni jirani yangu. Tumegawana ukuta, chumvi na ugomvi tangu ujana wetu.

"Nimesikia."

"Basi usije ukakaa hapo unavuta tasbihi mpaka pampu zikaisha. Mungu hana gereji."

"Astaghfirullah, Kidawa."

"Astaghfiru ukiwa njiani."

Alikuwa na haki ya kuwa mkali. Binti yake, Siwatu, alikuwa mjamzito, na uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa kisu na mtoto hakupona. Daktari alimwambia safari hii asithubutu kuzalia nyumbani, kwani kidonda cha zamani kinaweza kufumuka na wakaondoka wote wawili. Uchungu ukianza tu, awe juu. Kumpeleka mapema na kumwacha huko haikuwezekana, maana hospitali ya Mwinuko haimpokei mzazi ambaye hajaanza uchungu. Huyo ni mgeni, na wageni wako chini ya Wizara ya Utalii. Mumewe alikuwa migodini, nchi za watu. Kwa hiyo maisha ya Siwatu na ya mtoto wake yalikuwa yanalitegemea gari langu, na gari lenyewe lilikuwa linategemea pampu.

Nililiosha gari siku hiyo kama naliandaa kwenda Maka.

*

Urejesho ulifanyika uwanja wa gwaride. Magari ya Heshima yalipangwa mistari, wenyewe tumesimama mbele ya boneti zetu, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mbele kulikuwa na lori, na juu ya lori maboksi, na juu ya kila boksi picha ya pampu. Niliyaona kwa macho yangu haya. Kidawa alinisindikiza ili, kwa maneno yake, nisije nikarudi na kalenda.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hutaelewa tulivyojimaliza. Kwetu mtu akifa, kabla jeneza halijainuliwa, msemaji wa familia husimama akasema: ndugu zangu, marehemu aliishi nanyi, huenda alikukoseeni kwa kauli au kwa kitendo, je, mmesamehe? Na watu wote hujibu: tumesamehe. Hujibu hata aliyeibiwa mbuzi na huyo marehemu. Hujibu kabla ya kufikiri, kwa sababu ukianza kufikiri utakumbuka rangi ya mbuzi. Mimi katika jambo hili nina jina. Tukiwa wanawake upande wetu, sauti yangu ndiyo hutangulia na wengine wakafuata. Shaweji alikuwa akinitania, "Wewe Mwanamvua utamsamehe hata atakayekuzika ungali hai."

Mkurugenzi Mkuu wa Urejesho, Bwana Tandasi, alipanda jukwaani. Ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na suti yake ilikuwa nyeusi. Mezani mbele yake walikuwa wameilaza pampu moja ya zamani, wameifunika kitambaa cheupe, na pembeni chetezo kinafuka ubani. Nikajisemea moyoni, serikali yetu imekuwa na adabu.

"Ndugu zangu wenye magari," akasema, na sauti akaishusha. "Pampu hizi leo zimefika mwisho wa utumishi wao. Zimeishi nasi. Zimepanda nasi, pale zilipojaaliwa. Huenda ziliwakosea, kwa kukohoa au kwa kuzima. Huenda na walioziagiza, na waliozinunua, na waliozikagua, nao waliwakosea, kwa kauli au kwa kitendo." Akainamisha kichwa. "Je, ndugu zangu, mmesamehe?"

Wallahi sikufikiri.

"Tumesamehe," nikasema.

Ilitoka peke yake, safi, kama adhana kwenye mji uliolala. Halafu uwanja mzima ukanifuata, wanaume kwa wanawake. Akauliza mara ya pili, tukajibu. Akauliza ya tatu, tukajibu kwa huzuni zaidi, na mzee mmoja akatoa leso.

Kidawa peke yake alikuwa amefumba mdomo. Akanivuta kanga. "Umefanya nini wewe?"

"Nimejibu."

"Nani kafa?"

Bwana Tandasi akajifuta jicho, kisha akanyoosha mgongo na sauti yake ikapanda tena. "Nawashukuru. Nchi imesikia. Sasa, kosa lililosamehewa si kosa. Pasipo kosa, hapana pampu mbovu. Na pasipo pampu mbovu, ndugu zangu, kuweka nyingine mpya ni israfu." Akatazama upande wa wanawake, nikahisi ananitazama mimi. "Na israfu, wanaojua dini watatuambia, ni dhambi."

Wakapita vijana wa Wizara wakabandika stika kwenye vioo: IMEREJESHWA. Lori likawashwa. Lilikuwa la kutoka nje, likapanda mlima na maboksi yote bila hata kubadili sauti.

Kidawa alipewa kalenda.

*

Ningetukanwa ningepona mapema. Lakini watu wa Bondeni wana malezi, hawakunitukana. Walinisalimia. Nikitoka kuteka maji, mtu wa mtaa wa pili aliyekuwa analisukuma gari lake kuliondoa njiani ataacha kusukuma, aliegemee kwa bega, aniulize, "Bi Mwanamvua, hujambo? Umeamkaje?" Na jasho linamchuruzika. Nikawa najibu mbio mbio na kupita. Mwisho nikawa nateka maji alfajiri, ili nisalimiwe na wachache.

Nikisema "tumesamehe" kwenye msiba wa kweli, neno lilikuwa linanitoka la mwisho, baada ya wote, na wenye msiba wakadhani nina kinyongo na maiti wao.

Kidawa aliacha kuniita ukutani. Akawa anazungumza na kuku wake, kwa sauti ya kunifikia. "Haya mwanangu, taga," akimwambia tetea wake, "taga utakavyo, atamie nani sijui, ila usisamehe. Kuna watu wamesamehe hapa mtaani mpaka wamesamehe visivyo vyao." Tetea akijibu, Kidawa anaitikia, "Ndiyo hivyo, mama, na wewe umeona."

Kuku alikuwa na hoja.

Siwatu ndiye aliyekuja. Alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bakuli la uji wa pilipili manga, akakaa kizingitini kwangu akihema.

"Mama Mwanamvua, kunywa. Na hayo mambo usiyabebe peke yako. Na mimi nilisema."

"Ulisema nini, mwanangu? Hukuwepo."

"Nilisikia redioni. Nilikuwa nachambua mchele. Alivyouliza tu, ulimi wangu ukajibu. Mama hajui, usimwambie."

Alicheka, nami nikataka kucheka, lakini macho yangu yalikuwa tumboni pake. Tumbo lilikuwa limeshuka. Uji ule niliumaliza kwa sababu ananitazama.

Nikaenda kwa Maalim wa msikiti wetu, nikakaa nje ya mlango kama ilivyo adabu, nikamuuliza kama msamaha ukishatolewa unaweza kurudishwa.

"Ulimsamehe nani?"

"Pampu."

Nikasikia kurasa zinafunuliwa, kisha zinafunikwa. "Bi Mwanamvua," akasema, "nimesoma vitabu vingi. Pampu haikutajwa. Mwendee aliyeupokea."

*

Nikaupanda mlima kwa miguu. Njia nzima magari ya Heshima yamesimama na stika zao, na wenyewe wamesimama kando, kofia mkononi. Kila mmoja alinisalimia.

Bwana Tandasi alinipokea kwa mikono miwili. Alisema anaikumbuka sauti yangu, na kwamba pale Wizarani wameirekodi kwa ajili ya mafunzo. Akaniagizia chai.

"Mama, wewe huwezi kujua ulichoifanyia nchi hii. Mataifa makubwa yakiita magari, yanahangaika mwaka mzima kufungua, kufunga, kulipana fidia. Sisi tumerejesha magari yote kwa asubuhi moja, bila kugusa hata msumari. Wataalamu wanakuja kujifunza."

"Baba, mimi nimekuja kuomba pampu."

"Ziko."

Nilizikuta kweli. Chumba kizima ni maboksi. Kikombe changu cha chai kilikuwa juu ya boksi. Yeye mwenyewe alikuwa amekalia boksi, akiwa ameweka mto.

"Basi nipe moja. Kuna mtoto wa jirani yangu anakaribia kujifungua."

"Hongera. Nitakupa kwa kosa la nani?"

Sikuelewa, akanieleza kwa upole, kama wanavyoelezwa watu wa darasa la saba. Pampu hutolewa penye kosa. Kosa huwa na mkosaji. Serikali ilimtafuta mkosaji, tena kwa bidii. Aliyezinunua alisema alinunua alichoagizwa. Aliyeagiza alisema aliagiza kwa nia njema. Aliyepaswa kukagua alikuwa kwenye semina ya ukaguzi. "Nchi yetu, mama, tangu ipate uhuru haijawahi kuwa na mkosaji. Hata mmoja. Gereza tunafugia sungura."

"Na akipatikana?"

"Akipatikana?" Akaweka kikombe chini, macho yakamlegea kama mtu anayekumbuka mchumba wa zamani. "Akipatikana, nitalia kwa furaha. Mkosaji mmoja tu anafungua maboksi haya yote. Lakini tusiote, mama. Kunywa chai."

Niliteremka. Kushuka kwetu ni rahisi siku zote.

*

Asubuhi moja, jua limeshachomoza, Kidawa akagonga ukuta kwa mwiko. Hakuwa anazungumza na kuku.

"Mwanamvua. Chupa imepasuka."

"Naliwasha gari."

"Liwashe hilo jeneza lako, twende tukajue moja."

Tukamlaza Siwatu kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, kanga ameiuma kwa meno. Nikasoma dua ya safari, nikaondoka. Kichochoroni gari lilikwenda vizuri. Penye mlima nikaligandamiza, nikawa naliongelesha, nikalitajia jina la Shaweji. Likapanda. Likapita soko la nyanya, likapita shule. Penye kizuizi cha polisi, katikati ya mlima, likakohoa, likatetemeka, likanyamaza. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi.

Kizuizini alikuwepo Koplo Mashoto, kijana nadhifu, viatu vinang'aa.

"Habari za asubuhi, mama zangu. Gari lina stika?"

"Linayo, mwanangu. Limezimika na humu mna mzazi. Tutafutie gari."

Akaisoma stika, akazunguka gari, akaisoma tena. "Mama, stika inasema limerejeshwa. Lililorejeshwa halizimi. Kwa hiyo hili halijazimika."

"Limezimika."

"Mama, unaipinga stika?"

Kidawa akatoa kichwa dirishani. "Wewe koplo, mwanangu ana kovu la kisu tumboni, akichelewa litafumuka. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama, na namhurumia. Lakini ndani ya gari ambalo halijazimika, mimi nifanyeje?"

"Una redio hapo begani. Ita gari la serikali."

Mashoto akaishika redio yake kwa huzuni. "Hii imewekwa kwa ajili ya wakosaji tu. Ningekuwa na mkosaji, magari yangekuja hapa sasa hivi, hata ya Waziri. Nimeivaa tangu niajiriwe. Sijawahi kuibonyeza."

Siwatu akaguna ndani ya kanga, mguno wa chini, wa mtu anayebana kitu kisitoke. Nikageuka kumtazama. Hakuwa ananilaumu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni, na kwenye macho yake hapakuwa na lawama hata kidogo, na hapo ndipo nilipoona kwamba siwezi tena.

Tangu uwanjani nilikuwa na hatia kifuani, nimezunguka nayo kisimani, msikitini, Wizarani, na hakuna aliyetaka kunipokea mzigo huo. Leo nimempata anayeuhitaji.

"Mimi ndiye," nikasema.

"Ndiye nani, mama?"

"Mkosaji."

"Wa nini?"

"Wa pampu."

"Ipi?"

"Zote."

Kidawa akafungua mlango. "Mwanamvua, umeingiwa na nini? Koplo, usimsikilize, huyu hata koroboi akiifungua hajui kuifunga."

"Nyamaza, Kidawa. Siku zote hizi nakusikiliza wewe na kuku wako. Leo nasema mimi."

Mashoto alikuwa amevua kofia. "Mama, una hakika? Hutaniambia baadaye ulikuwa unatania? Nina mke na watoto."

"Nina hakika. Ila sikiri hapa. Nitakiri juu, mlangoni pa hospitali, palipo na hewa. Na hawa wawili ni mashahidi wangu. Nikitengana nao nasahau kila kitu."

Akaibonyeza redio. Ilichukua muda kuamini kwamba imebonyezwa.

*

Walikuja na ving'ora. Magari meusi ya kutoka nje, yamefuatana kama harusi, yakateremka mlima na kugeuza kwa ustadi. Bwana Tandasi alishuka wa kwanza, na kama alivyoniahidi, alikuwa analia.

"Ni wewe," akasema. "Mama yule yule."

Siwatu akalazwa kwenye gari la Waziri, kwenye viti vya ngozi. Dereva alitaka kutandika gazeti, Kidawa akamtazama, akaliacha. Likapanda mlima kama linateremka. Kidawa, pamoja na yaliyomkuta, alishindwa kuvumilia.

"Kaka, pampu ya hili mliipata wapi?"

"Sijui, mama," akasema dereva. "Hili halijawahi kusamehewa."

Hospitalini walitokea madaktari ambao watu walikuwa wanawajua kwa majina mlangoni tu. Shahidi wa serikali hacheleweshwi. Wakamchukua Siwatu kwa kitanda cha magurudumu, Kidawa anakimbia pembeni yake amemshika mkono, viatu kavisahau kwenye gari la Waziri. Mlango ukafungwa nyuma yao. Nikabaki mimi na kipaza sauti na nchi nzima.

"Mimi Mwanamvua, mjane wa Shaweji, wa Bondeni," nikasema, "ndiye niliyeziharibu pampu za mafuta za magari yote ya Heshima."

"Kwa njia gani?" akauliza Bwana Tandasi, kwa shauku.

Hapo nikakwama. Uongo nilikuwa nimetayarisha mmoja tu, na nimeshautumia. Nikautafuta mwingine nikaukosa. Ikabidi niseme kweli.

"Kwa kuzisamehe."

Bwana Tandasi akatazama huku na huku, kisha akamwinamia karani. "Andika: kwa hila."

Wakapiga makofi.

Mambo yakaenda upesi baada ya hapo. Kwa kuwa mkosaji yupo, kosa lipo. Kwa kuwa kosa lipo, pampu ni mbovu. Maboksi yakateremshwa, na mafundi nao, na katika muda mfupi magari ya Bondeni yakaanza kupanda mlima yakipiga honi za wimbo wa taifa, na wenyewe wamevaa kofia zao. Bwana Tandasi alipewa nishani ya kumgundua mkosaji wa kwanza wa taifa. Koplo Mashoto akawa Sajini.

Mimi nilihukumiwa. Gerezani hapakuwa na nafasi kwa sababu ya sungura, kwa hiyo hakimu akaamua nikae nyumbani kwangu niwe na hatia. Ni marufuku kunisalimia barabarani. Kila muhula wanafunzi huletwa kunitazama, na mwalimu wao huwaonyesha kwa fimbo, na wengine huniachia pipi. Gari langu ni kielelezo, pampu yake haitabadilishwa, limewekwa mbele ya nyumba na stika yake. Watu wa Bondeni ni watiifu, barabarani wananipita kimya. Halafu wanazunguka uani, wanapenyeza bakuli la futari, au samaki, wananong'ona "Shikamoo" na kuondoka. Kidawa ameniambia kwamba mimi ni mjinga. Aliniambia mwenyewe, ukutani, kwa jina langu. Kuku hakuhusishwa.

Lakini mimi nina Mola wangu, na Mola wangu hasikilizi redio. Nilisimama mbele ya nchi nikasema uongo, kwa kipaza sauti, na mashahidi nikawatwaa. Hilo ni dhambi na najua ni dhambi. Kila nikimaliza sala nabaki juu ya mswala nitubie. Maalim alitufundisha kwamba toba ina masharti matatu: uliache kosa, uazimie kutolirudia, na ulijutie kwa moyo. La kuacha nimeshaacha. La kutorudia nalo ni jepesi, maana nchi imeshapata mkosaji, haihitaji wa pili. Limebaki la majuto. Nafumba macho, nainamisha kichwa, naanza kujuta taratibu, na majuto yanakuja kweli, nayahisi yanapanda. Ndipo upande wa pili wa ukuta mtoto wa Siwatu anapoamka na kulia, kilio cha mapafu mazima, na Siwatu anambembeleza kwa sauti ya mtu mzima wa afya, na majuto yote yananiponyoka.

Basi nakaa hapo hapo, nasubiri anyamaze nianze upya. Hanyamazi.